Vyungu tisa kwenye balkoni ya Hannover: kisa cha mimea ya joto iliyotolewa nje mapema

Ijumaa tarehe 26 Aprili 2024 jioni dada mmoja tunayefahamiana hapa Hannover alinitumia picha saba mfululizo bila maneno, halafu ya nane ikaja na ujumbe, "Mdogo wangu njoo uone, mgomba wangu umekufa." Mimi nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kitalu cha miche huku Ujerumani na watu wetu wakipata shida na maua wananitafuta, sikatai, maana najua kwa mtu aliyekulia Tanga mchaichai kwenye chungu siyo pambo, ule ni chai ya asubuhi. Nikaenda kesho yake Jumamosi. Naandika kisa chote hapa kwa urefu kwa sababu kila mwaka winta ikiisha naulizwa swali hilohilo, na hiki kisa kina karibu kila kosa linalowezekana, yote yamefanywa kwa mapenzi kabisa.

Vyungu vilikuwa tisa: mgomba mdogo wa aina fupi, asumini, mchaichai, hibiskasi mbili, mlimao, mshubiri, ile ZZ yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta ambayo asili yake ni Afrika Mashariki mpaka Zanzibar (Wajerumani wanaiita Glücksfeder, unyoya wa bahati), na kile kiua kidogo cha zambarau wanachokiita Usambaraveilchen. Winta nzima vilikaa sebuleni. Dirisha la sebule linatazama kaskazini mashariki, balkoni inatazama kusini magharibi, yaani nyumba moja lakini hali mbili tofauti kabisa, mbele huko mtaona kwa nini hili ni muhimu.

Sasa kwa nini vilitoka. Ramadhani mwaka ule ilianza Machi 11, Iddi ikaangukia Jumatano tarehe 10 Aprili. Jumamosi ya tarehe 6 kulikuwa na joto la ajabu kwa Aprili, hapa kwetu karibu digrii 25, kusini magharibi ya nchi lilikaribia 30. Dada alikuwa anaandaa nyumba, wageni wa Iddi watakuja, sebule ndogo, mgomba umeshachukua nafasi ya watu wawili, akafungua mlango wa balkoni akahisi lile joto usoni akatoa vyungu vyote tisa kwa mara moja akavipanga kwenye ukingo, vikapendeza kweli. Aliniambia, "Hii ni mimea ya joto, imelilia jua miezi sita, nikaona niihurumie." Sentensi hiyo nimeisikia kwa watu wengi sana, na ndo chanzo cha kila kitu kilichofuata.

Mmea kweli ni wa joto, lakini jani ulilonalo mkononi siyo la huko. Jani lililochipua Januari sebuleni Hannover limejengwa kwa mwanga wa sebule ya Hannover. Mmea ukiwa gizani unatengeneza majani mapana, membamba, laini, yenye ngozi nyembamba ya juu, umejipanga kukusanya kila chembe ya mwanga inayopita. Nilipima kwa apu ya simu (siyo kipimo cha maabara lakini inatosha kuonyesha tofauti), kwenye rafu alipokuwa anaweka ZZ mita mbili kutoka dirishani nilipata lux 600 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), na pale ukingoni mwa balkoni saa nane mchana jua likitokeza namba iliruka kupita 70,000. Hiyo ni zaidi ya mara mia moja. Halafu ongeza kwamba kioo cha dirisha kinazuia karibu miale yote ile mikali ya jua inayochoma ngozi, kwa hiyo jani la ndani halijawahi kuiona hata siku moja maishani mwake. Ukilitoa ghafla linapokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kutumia, ile rangi ya kijani yenyewe inaharibika, na ndani ya siku mbili tatu linapauka kama karatasi. Kule nyumbani mama anaweka asumini uani juani na hauungui kwa sababu kila jani lake limezaliwa hapohapo juani. Na watu wanadhani jua la Aprili huku ni dogo, wakati jua la tarehe 6 Aprili liko juu angani sawasawa na la tarehe 6 Septemba. Hewa ndo ya baridi tu, jua lenyewe limeshakomaa.

Basi tarehe 8 dada akaona ZZ ina mabaka meupe na asumini umenyauka mchana. Akafikiri kiu. Akamwagilia. Kesho yake tena. Iddi ikapita, wageni wakasifia balkoni, vyungu vikabaki nje. Kuanzia katikati ya mwezi hali ikageuka, baridi na mvua, majani yakaanza kuwa ya njano, akafikiri njaa, akaweka mbolea ya maji. Halafu kati ya tarehe 21 na 24 zikaja zile siku za baridi ya kugandisha usiku ambazo mwaka ule ziliharibu mizabibu na matofaa sehemu nyingi za Ujerumani, maana joto la mwanzo wa mwezi lilikuwa limeshayadanganya yachipue. Kipimajoto chake cha balkoni asubuhi ya tarehe 23 kilikuwa kwenye digrii 1 na nusu. Balkoni yake ina dari kwa hiyo haikufika kuganda, ila ilitosha.

Nilipofika sikuanza na mgomba japo ndo ulikuwa unatia huruma zaidi, umelala majani yote meusi. Nilianza kunyanyua vyungu. Hii ni tabia nawaomba muige, kabla hujatazama jani nyanyua chungu, uzito wake utakwambia habari za maji kuliko macho. Vyote vilikuwa vizito isipokuwa mshubiri. Hibiskasi moja ilikuwa ndani ya chungu cha urembo cha kauri kisicho na tundu, nilipoitoa chini kulikuwa na maji ya vidole vitatu, na harufu ile ya mtaro. Dada hakuwa na habari kabisa kwamba maji yamo, juu udongo ulionekana wa kawaida tu.

Kilichofanya kisa hiki kiwe kigumu ni kwamba magonjwa matatu yalikuwa yamepandana kwenye vyungu hivyohivyo, na kila moja dawa yake ni tofauti, ukichanganya unaua. Kuungua na jua unakutambua kwa mahali. Baka ni jeupe au la rangi ya karatasi ya kaki, liko upande wa juu wa jani na upande ule unaotazama nje tu, na pale jani moja lilipolifunika jingine utaona kivuli chake kimebaki kijani kimechorwa kabisa kama mtu aliyelala na saa mkononi. Kwenye ZZ ilionekana wazi, nusu ya mmea iliyotazama ukutani ilikuwa nzima. Baridi inaacha alama nyingine, jani linakuwa na sehemu nyeusi zilizolowa maji kama mchicha uliochemshwa, pande zote mbili za jani, na inaanza kwenye majani machanga na ncha. Mgomba na mrehani ndo wa kwanza kulalamika. Ya tatu ni mizizi kukosa hewa, hapo majani ya chini yanakuwa ya njano kwanza, mmea umenyauka huku udongo umelowa, matumba yanadondoka kabla hayajafunguka.

Na hii ya tatu ndo nataka nikae nayo kidogo kwa sababu ndo iliyoua, na ndo inayoua kwa wengi ninaowajua. Si unajua mafuta ya nazi yakikaa kabatini winta yanaganda? Ngozi za chembechembe za mmea nazo zina mafuta ndani yake, na mimea ya kwetu imezoea joto, kwa hiyo ikifika chini ya digrii 10 au 12 hivi yale mafuta yanakakamaa na ngozi haifanyi kazi yake vizuri, haihitaji kufika barafu. Mizizi ikiwa kwenye udongo wa baridi inashindwa kuvuta maji hata kama inaogelea ndani yake. Sasa juu jua linawaka na upepo unapuliza majani yanapoteza maji, chini hakuna kinachopanda, mmea unanyauka. Mtu akiona umenyauka anamwagilia, na maji yenyewe ya bomba ni ya baridi, udongo unazidi kupoa, hewa inaisha, mizizi inaanza kuoza, ikioza haivuti maji, mmea unanyauka zaidi, anamwagilia tena. Mlimao una tabia hiyo waziwazi, majani kwenye jua na mizizi kwenye baridi, unaamua kudondosha majani yote, na dada alikuwa amefagia balkoni mara mbili wiki ile.

Halafu ile mbolea. Mbolea ni chumvi, mizizi iliyoumia haiwezi kuitumia, inabaki kwenye udongo inazidi kuibana. Nilimwambia dada ukweli kwamba hilo tusilirudie, mbolea inawekwa pale unapoona chipukizi jipya, kabla ya hapo hapana.

Tulifanya nini. Vyote tuliviingiza ndani, lakini siyo sebuleni alikovitoa na siyo karibu na hita, tuliviweka chumba cha kulala chenye dirisha la mashariki ambako hita ilikuwa imezimwa, digrii kama 18. Watu wengi wakiona mmea umepigwa na baridi wanaukimbiza kwenye joto kali, mizizi iko nusu na majani yanachemka, hapana, weka pa vuguvugu na mwanga wa wastani. Tukaacha kumwagilia kabisa mpaka chungu kiwe chepesi, kwa vingine ilichukua siku kumi na mbili. Majani yaliyoungua nilimkataza asiyakate yote, jani lenye nusu ya kijani bado linapika chakula na mmea ulioumia unakihitaji, kata lile lililokufa lote tu.

Mgomba ndo ulinifurahisha. Juu ulikuwa umeisha, lakini shina la mgomba si shina la kweli, ni majani yaliyoviringishana, moyo wenyewe uko chini kwenye tunguu. Nikakata kwa kisu safi kidogo kidogo kushuka, mara ya kwanza ndani kahawia na laini, mara ya pili bado, mara ya tatu nikafika kwenye sehemu nyeupe ngumu inayotoa utomvu. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu hasemi kitu. Nikamwambia uko hai, na ulibaki kisiki cha sentimita ishirini tu. Siku ya tisa katikati ya kisiki likaanza kupanda jani jipya limejikunja kama sigara, siku ile alinipigia saa moja asubuhi.

Mchaichai nao tulikata majani yote tukaacha kama sentimita kumi, ule ni mgumu, mradi vitako vyake chini viko imara unarudi. Asumini ulikuwa mtupu, nikakwangua gome kwa ukucha, ncha kahawia, lakini chini karibu na udongo kijani. Tukapogoa mpaka kwenye kijani tukasubiri, na nilimwonya kwamba huu unaweza kukaa mwezi mzima kama kijiti, usiutupe na usiuonee huruma kwa maji. Mshubiri ulikuwa umebadilika rangi kuwa mwekundu wa kahawia, huo haukuwa mgonjwa sana, ile rangi ni kinga yake mwenyewe dhidi ya jua, ulirudi kijani wiki tatu baadaye. ZZ ina viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji, ilipoteza matawi mawili basi.

Ile hibiskasi ya kwenye chungu cha kauri ilikufa. Niliitoa, mizizi kahawia, ukiivuta ngozi inavuka kama soksi inabaki kamba nyembamba ndani. Nilijaribu, nikaosha, nikakata, nikaibadilishia udongo, lakini mwisho wa Mei ilikuwa kuni. Na huo ndo ulikuwa mmea uliokuwa na mabaka machache kuliko yote ya jua, kwa sababu ulikaa nyuma ya mgomba. Kwa macho tarehe 20 ungeuhesabu wa kwanza kupona. Dada alilia kidogo, alikuwa nao tangu mwaka aliohamia nyumba ile, na mimi sikuwa na neno zaidi ya kukaa naye tukanywa chai.

Kile kiua cha Usambara nacho moyo wake ulioza, maji baridi ya mvua yalikaa katikati ya majani na lile jani lenye manyoya halivumilii. Lakini kina njia yake, jani moja zima na kikonyo chake ukilichomeka kwenye udongo mwepesi wenye unyevu kidogo linatoa watoto. Tulichukua majani manne, matatu yakatoa. Hapa niseme kitu kinachonigusa kila mara. Hicho kiua kimetoka milimani kwetu, Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa ukoloni wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikiona huko, akakituma kwa baba yake Ujerumani, na aliyekiandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia mwaka 1893 ni Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen. Herrenhausen ni hapahapa Hannover, kutoka kwa dada ni tramu tu. Kwa hiyo hilo ua lilipata jina lake la kitaalamu kwenye mji huu huu, na leo liko kila supamaketi. Siku hizi wataalamu wamelihamishia kwenye kundi la Streptocarpus, lakini watu wanaendelea na jina la zamani. Ninachotaka ukumbuke ni kwamba kule linakoota ni kwenye miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha msitu. Halikuwahi kuwa ua la jua hata nyumbani. Kwa hiyo hilo halitoki nje hata Julai, liache dirishani, na ZZ ikitoka ikae kivulini msimu mzima.

Sasa sehemu ngumu kuliko zote haikuwa tarehe 27, ilikuwa siku tatu baadaye. Mwisho wa Aprili joto likarudi kwa nguvu, Mei mosi watu wamevaa fulana, na dada akaniandikia, "Sasa je?" Namuelewa, mimi mwenyewe mkono unaniwasha siku kama ile. Bibi mmoja wa Kijerumani anayekaa ghorofa ya chini alimwambia asubiri Eisheilige, watakatifu wa barafu, zile siku kuanzia Mei 11 mpaka 15, Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius na mwisho Sophie, wakulima wa huku wamezishika tangu zamani kwamba kabla Sophie hajapita usitoe kitu kinachoogopa baridi. Ni ushauri mzuri na nampa heshima yule bibi, ila hautoshi wenyewe. Mwaka ule siku hizo zilikuja na joto na jua kali, mtu aliyesubiri Sophie akatoa vyungu vyake tarehe 16 mchana kweupe alikwepa baridi akaunguza majani vilevile. Na kuna miaka baridi inarudi hata baada ya Sophie. Kalenda inakwambia uanze kuangalia lini, kazi ya kuangalia bado ni yako.

Mimi naangalia vitu viwili. Cha kwanza ni usiku, siyo mchana, na usiku mfululizo siyo mmoja. Ukiwa unasoma utabiri kwenye simu kumbuka ile namba imepimwa mita 2 juu ya ardhi, usiku usio na mawingu pale chini sakafuni panakuwa baridi zaidi kwa digrii kadhaa, ndo maana utabiri unasema 3 na asubuhi nyasi zina barafu. Cha pili ni udongo wenyewe. Dada ana kile kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, tulikisafisha tukakifanya cha vyungu, anakichoma kwenye udongo saa moja asubuhi. Chungu ni kitu kidogo, kinapoa haraka kuliko ardhi, na kikikaa moja kwa moja kwenye sakafu ya zege kinanyonya baridi yote, kwa hiyo tuliviweka juu ya vipande vya mbao.

Tarehe 11 Mei usiku zilikuwa zinakaa juu ya 10 na udongo asubuhi ukasoma 13, tukaanza. Siku za kwanza tatu vyungu vilikaa nyuma kabisa kwenye ukuta, chini ya meza, masaa mawili tu asubuhi halafu ndani. Kwa kivuli tulitumia chandarua cheupe cha zamani, tumekikunja mara mbili tukakifunga kwenye kamba ya nguo, kinafanya kazi nzuri kabisa na upepo nao kinaupunguza, maana upepo ni adui anayesahaulika, majani ya ndani hayajawahi kutikiswa na yanapoteza maji haraka ajabu. Siku ya nne masaa manne, siku ya sita mlimao na mchaichai tukavisogeza vipate jua la asubuhi, siku moja ikawa na upepo mkali tukarudisha vyote ndani na hatukuihesabu. Siku yenye mawingu ndo nzuri ya kuongeza hatua, watu wanasubiri jua ndo watoe wakati ingetakiwa kinyume chake. Kama wiki mbili hivi jumla. Chandarua tulikiondoa kabisa tarehe 26, na hapo tayari mgomba una majani mawili mapya yaliyozaliwa nusu nje, madogo kuliko ya sebuleni, magumu, ukiyashika unasikia tofauti kwa vidole. Hayo ndo ya kuyategemea. Yale ya sebuleni yaliyobaki yalichakaa yakaanguka yenyewe Juni na hatukuyalilia.

Kabla ya kutoa mara ya pili tulifanya pia kazi ambayo mwanzo haikufanywa, kugeuza kila jani na kuangalia chini yake. Hewa kavu ya hita winta nzima inalea utitiri, na hibiskasi iliyobaki ilikuwa na vidukari kwenye ncha zote. Tukaosha kwa maji ya bafuni na sabuni kidogo ya maji. Nje wadudu wanaowala vidukari watasaidia, lakini mmea ulioumia usiuachie vita mbili kwa wakati mmoja. Na vyungu vya urembo visivyo na tundu, vyote vilibaki ndani, nje hakuna chungu kinachokaa ndani ya kingine, hata kisahani cha chini tunakiondoa mvua ikiwa nyingi.

Asumini ulikaa kijiti mpaka tarehe 9 Juni. Dada alikuwa amekata tamaa, alisema ameshaanza kutafuta mwingine, halafu vikatokea vijicho viwili vya kijani chini kabisa. Mwaka ule haukutoa ua, na sikutegemea, nguvu yote ilienda kwenye matawi.

Kitu kimoja tulichokifanya mwisho naona kimesaidia kuliko maelezo yangu yote. Dada alichukua kalamu ya wino usiofutika akaandika namba ubavuni mwa kila chungu, namba ya usiku ambayo mmea huo haushuki chini yake. Mlimao na mshubiri 6, na mshubiri ukiwa mkavu. Mchaichai 10. Hibiskasi na mgomba 12. Asumini 14. ZZ 15. Kiua cha Usambara aliandika "ndani." Hizi ni namba za kujihami, mimea mingi inaweza kuvumilia chini yake kwa usiku mmoja wawili ikiwa imeshazoea na imekauka kidogo, lakini kwa chungu kilichotoka sebuleni juzi mimi sibahatishi. Namba hizohizo ndo zinaturudisha ndani, Septemba usiku ukianza kugusa 15 ZZ inaingia, 14 asumini, wengine wanafuata kila mmoja kwa namba yake, siyo vyote kwa siku moja kama vilivyotoka.

Mwaka uliofuata mwanzoni mwa Mei akanitumia picha ya kipimajoto kimechomwa kwenye mchaichai, kinasoma 9, na swali, "Huu si mgumu lakini?" Nikamwambia mgumu ndiyo, ila chungu kimeandikwa 10, mpe wiki. Akauacha ndani.